Nyota Tatu Juu ya Machakos

Kila Januari, mvua za vuli zikishakatika na mashamba ya Ukambani yakianza kukauka, nyota tatu zilizopangana mstari mmoja hupita wima juu ya mji wa Machakos. Sisemi hivyo kwa kupamba maneno. Mji huu uko nyuzi moja na nusu kusini mwa ikweta, na nyota hizo, ambazo Wagiriki wa kale waliziona kuwa mshipi wa mwindaji Orion, zimetanda juu ya ikweta hiyohiyo. Mtu akilala chali kwenye nyasi za vilima vya Iveti kati ya saa nne na saa tano usiku, zitakuwa zinamtazama usoni. Mkazi wa London huziona zimeinamia upande wa kusini. Wa Machakos huinua uso tu.

Ikweta imetupa na zawadi ya pili. Anayeishi London hauoni kamwe Msalaba wa Kusini, na anayeishi Cape Town hawezi kuziona zote zile nyota saba za Dubu Mkubwa. Hapa kwetu, jioni za Mei, makundi hayo mawili huwa juu kwa pamoja, moja kaskazini na jingine kusini. Mwaka ukimaliza mzunguko wake, karibu kila nyota inayoonekana kwa macho kutoka duniani huwa imepita mbele ya mkazi wa Ukambani.

Kwa hiyo swali la vituo vya kutazamia anga, na la usiku wa wazi, ambao vituo hivyo huwafungulia wananchi milango, si la nchi za mbali. Ni letu, na lina historia ndefu hapa kwetu kuliko watu wengi wanavyodhani. Historia hiyo inanifundisha jambo moja. Elimu ya nyota katika Afrika Mashariki ilianza uwanjani, ikiwa mali ya kila mwenye macho. Baadaye ikahamia kwa wachache wenye mitambo. Darubini yoyote ya chuo kikuu itapimwa kwa idadi ya watu wa kawaida inaowarudisha chini ya anga lao.

Nguzo za Kalokol na hesabu ya Waborana

Tuanzie kaskazini, magharibi mwa Ziwa Turkana, karibu na Kalokol. Hapo zimesimama nguzo 19 za mawe ya basalti, nyingine zimeinama kama watu waliochoka. Waturkana hupaita Namoratunga na husimulia kwamba mawe hayo yalikuwa wacheza ngoma waliogeuzwa mawe. Mwaka 1978 watafiti wawili, B. M. Lynch na L. H. Robbins, walichapisha makala katika jarida la Science wakidai kwamba nguzo hizo zilipangwa kuelekea mahali zinapochomoza nyota saba ambazo Waborana hutumia katika kalenda yao.

Dai hilo lilisisimua wengi, likapingwa pia. Mwaka 1982 mtafiti mwingine, Robert Soper, alikwenda kupima upya, akaonyesha kwamba basalti ina usumaku wake na huipotosha dira. Uchimbaji wa miaka ya karibuni nao umeonyesha kwamba wafugaji wa kwanza wa eneo hilo walisimamisha nguzo kando ya ziwa kwenye makaburi yao, yapata miaka 5,000 iliyopita. Mjadala wa mawe unaendelea.

Kalenda ya Waborana yenyewe haitegemei mjadala huo. Msomi Asmarom Legesse aliiandika mwaka 1973 kutoka kwa wenye kuitumia. Mwaka wao una miezi 12 ya mwandamo na siku 354. Hawana wiki. Kila siku ina jina lake, na majina ni 27 tu, ilhali mwezi una siku 29 au 30, kwa hiyo kila mwezi huanza na jina jingine. Wajuzi wao, waitwao ayyantu, hutazama mwezi mwandamo ukiandamana na nyota fulani: mwezi mmoja na Kilimia, ambacho wao hukiita Busan, na mwezi mwingine na zile nyota tatu za mshipi, ambazo huziita Arb Gaddu. Hesabu hiyo haikuandikwa kitabuni. Ilifundishwa nje, usiku, kwa kidole kilichonyooshwa juu, na mzee akikosea, wenzake walikuwa palepale kumrekebisha.

Kilimia na mwalimu wa chombo

Kwa wakulima wa pwani, saa kuu ya mwaka ilikuwa Kilimia, kile kifungu cha nyota ndogo zilizobanana kama punje za mtama. Jina lenyewe limetokana na kulima, na mbali kabisa kusini Wazulu na Waxhosa hukiita isiLimela. Neno limesafiri na jembe. Waswahili wana msemo kuwa Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Mwenye kufuatilia anga ataona kwamba huo ni uchunguzi uliofupishwa. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, masika yakiwa yamekolea, Kilimia huzama magharibi pamoja na jua na kutoweka. Kikionekana tena alfajiri mwezi wa Juni, mvua kubwa imekwisha. Yule aliyetunga msemo huo alitazama miaka mingi kabla ya kusema.

Mabaharia walikwenda mbali zaidi. Chombo kilichovuka kutoka Malindi hadi India kwa pepo za kusi kilihitaji kujua kiko umbali gani kaskazini, na jibu lilikuwa kwenye nyota. Nahodha alitumia kamali, ubao mdogo wenye uzi uliofungwa mafundo. Aliuma uzi kwa meno, akaunyoosha ubao mpaka ukingo wake wa chini uguse bahari na wa juu uguse nyota, kisha akahesabu mafundo. Nyota ya Kaskazini ilimsaidia kwenye bahari ya Arabia, lakini alipoteremka kuelekea Lamu, Mombasa na Kilwa nyota hiyo ilizama, na ilimbidi ajue nyota nyingine za kushika mahali pake.

Tarehe 24 Aprili 1498 Vasco da Gama aliondoka Malindi akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji huo, na kabla ya mwezi mmoja kutimia wakafika pwani ya Calicut. Jina la rubani huyo limebishaniwa kwa karne nyingi. Wengi walimdhania kuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa Omani aliyeandika vitabu vya ubaharia, lakini waandishi wa Kireno wanasema alikuwa Mgujarati. Mwandishi João de Barros anasimulia kwamba da Gama alimwonyesha kifaa chake cha kupimia nyota, na rubani hakushangaa hata kidogo, bali alitoa vifaa vyake mwenyewe. Wareno walimwita Malemo. Neno hilo ni mwalimu. Ndilo lililokuwa jina la cheo cha mtu aliyeongoza chombo kwa nyota: mwalimu wa chombo. Naomba msomaji alishike neno hilo, maana tutalirudia.

Upo pia usiku mmoja wa kutazama anga ambao haujawahi kukatika. Kila mwisho wa Shaabani na kila mwisho wa Ramadhani, watu wa Mombasa, Lamu, Malindi na Unguja hupanda juu ya paa na kwenda ufukweni kuutafuta mwezi mwandamo. Mzee asiyeona vizuri huwa na mjukuu mwenye macho makali. Ushahidi hupelekwa kwa Kadhi, huulizwa, huthibitishwa au hukataliwa. Huo ndio usiku wa wazi wa kale kuliko wote tulio nao, na sheria zake ni sheria za sayansi: njoo utazame mwenyewe, useme ulichokiona, ukubali kuulizwa.

Ukambani, nyoka wa chuma na mji ulioachwa gizani

Katika Kikamba nyota ni ndata na mwezi ni mwei. Misafara ya Wakamba ya karne ya 19 ilibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Mombasa, na mfanyabiashara Kivoi wa Kitui ndiye aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf, ambaye tarehe 3 Desemba 1849 aliuona Mlima Kenya kutoka Kitui. Wasafiri wa namna hiyo walilala nje safari nzima, na anga la Nyika walilijua kama paa la nyumba zao.

Kumbukumbu ya Ukambani, hata hivyo, imewaenzi zaidi waliosoma ishara za mambo yajayo. Masaku, ambaye mji wa Machakos umechukua jina lake, anakumbukwa kwa utabiri. Syokimau anasimuliwa kuwa aliona nyoka mrefu akitoka baharini kuelekea bara, na watu wa rangi ngeni wakija pamoja naye. Leo kituo cha reli kina jina lake. Kiswahili nacho kimeziweka kazi hizi mbili chini ya neno moja: mnajimu ni anayechunguza nyota, na mnajimu ni anayebashiri. Ndiyo maana wasomi wetu wengi hupendelea neno falaki kwa elimu ya kupima mienendo ya anga, wakauachia unajimu utabiri. Mimi sioni sababu ya kumdharau mtabiri wa kale. Alikuwa wa kwanza kuwaambia watu kwamba kilicho mbali kinatuhusu. Falaki imeongeza jambo moja kubwa, nalo ni kwamba mtu yeyote anaweza kurudia kipimo na kumsahihisha aliyepima.

Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899. Kabla yake Machakos ndiyo iliyokuwa makao ya utawala wa Waingereza huku bara, na John Ainsworth aliongoza kutoka hapo tangu 1892. Nyoka wa chuma akapita kando, na mwaka huohuo wa 1899 utawala ukahamia Nairobi. Machakos ilipoteza cheo. Ilichobakiziwa, bila mtu kukusudia, ni usiku. Taa zilimiminika Nairobi, na vilima vya Iveti, Mua na nyanda za Yatta vikabaki na anga lililo wazi kwa miongo mingi.

Mitambo inakuja, Uhuru inaruka

Duniani kote vituo vya kutazamia anga vilijengwa kwanza kwa haja ya serikali. Mtawala Ulugh Beg alijenga chake Samarkand katika miaka ya 1420. Greenwich ilianzishwa mwaka 1675 ili mabaharia wa Uingereza wajue wako wapi, na mwaka 1820 Waingereza wakaanzisha kituo cha Cape kwa sababu hiyohiyo. Galileo alipoziona zile nyota nne ndogo zikiizunguka sayari ya Mshtarii, Januari 1610, alitumia darubini ya kukuza mara 20 hivi, dhaifu kuliko zile zinazouzwa leo kwa wanafunzi. Tangu hapo anga lilikuwa na tabaka mbili: linaloonwa na macho, na linaloonwa na mwenye kifaa. Afrika Mashariki ikabaki upande wa macho.

Wenye vifaa walikuja kwetu mara kwa mara, wakaondoka. Tarehe 30 Juni 1973 jua lilipatwa kikamilifu, na wanasayansi kutoka mabara mbalimbali walifika hadi Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Tarehe 16 Februari 1980 kivuli cha mwezi kilipita tena, safari hii kusini-mashariki mwa Kenya. Wageni walipima taji la jua kwa dakika chache, wakafunga masanduku.

Tukio kubwa kuliko yote lilitokea baharini. Karibu na kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitaliano chini ya Luigi Broglio walisimamisha majukwaa ya chuma juu ya maji, yaitwayo San Marco na Santa Rita. Sababu ilikuwa ikweta ileile inayotupa nyota tatu utosini. Hapa uso wa dunia huenda mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi inayorushwa upande huo hupata msukumo huo bure. Mwaka 1967 jukwaa hilo lilirusha setilaiti yake ya kwanza. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, ilirushwa setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 140 hivi, ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka nyota. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo NASA, alipendekeza iitwe Uhuru, kwa heshima ya nchi iliyoipokea na siku yake.

Miale ya eksirei kutoka nyota haifiki ardhini, kwa kuwa hewa huimeza. Kabla ya hapo wanasayansi walirusha roketi ndogo zilizotazama kwa dakika chache tu na kuanguka. Uhuru ilitazama kwa zaidi ya miaka miwili, hadi Machi 1973, ikaorodhesha vyanzo 339. Iligundua nyota zinazopiga miale kwa mapigo yasiyokosea, kila moja ikinyonya gesi ya mwenzake. Na ilipokitazama chanzo kiitwacho Cygnus X-1 iliona miale yake ikipepesa kwa muda mfupi kuliko sekunde. Kitu kinachobadilika upesi namna hiyo lazima kiwe kidogo, na nyota kubwa iliyo jirani yake ilionyesha kwamba inavutwa na uzito mkubwa mno. Wanafalaki wakafika mahali pa kusema: hili ni shimo jeusi. Lilikuwa la kwanza kukubaliwa hivyo. Mwaka 2002 Riccardo Giacconi, kiongozi wa utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Hilo ni fahari ya ulimwengu mzima, na neno la Kiswahili limo katika historia ya falaki milele. Lakini namba zile 339 zilisomwa Marekani, na waliozifasiri walikuwa huko. Mvuvi wa Ngomeni aliona moto ukipanda. Mwanafunzi wa Machakos alisikia jina la nchi yake likitajwa redioni. Hakuna kati yao aliyealikwa kuuliza setilaiti ile imeona nini. Ndipo nasema elimu ya anga ilikuwa imehama uwanjani.

Vinavyotuangukia

Anga halingoji mialiko yetu. Asubuhi ya tarehe 16 Julai 2011 kimondo kilipasuka kwa kishindo na mawe yake yakaanguka kwenye mashamba karibu na Thika, ng'ambo kidogo ya mpaka wa Machakos. Tarehe 30 Desemba 2024 jambo jingine likatokea katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, eneo lililokuwa ndani ya wilaya ya Machakos hadi 1992. Pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kutoka juu. Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililoanzishwa mwaka 2017, lilieleza kwamba ilikuwa pete ya kutenganisha sehemu za roketi.

Jiwe la Thika lilikuwa na umri karibu sawa na wa jua. Pete ya Mukuku ilitoka kiwandani. Kwa anayesikia mshindo juu ya nyumba yake, vyote viwili ni kitisho kimoja. Kinachomsaidia kutofautisha ni elimu, na elimu hiyo ikimfikia baada ya kishindo imechelewa. Mwaka 1992, vimondo vilipoanguka Mbale nchini Uganda, wapo waliosaga mawe yale na kuyala wakiamini ni dawa ya Ukimwi. Siwalaumu. Walikuwa na maradhi yasiyo na tiba, na hapakuwa na mtu aliyewahi kuketi nao usiku kuwaeleza kimondo ni nini.

Milango inaanza kufunguka

Hali imebadilika katika kizazi kimoja. Kusini, darubini kubwa ya SALT yenye kioo cha mita 11 hivi ilizinduliwa Sutherland mwaka 2005. Mwaka 2012 Afrika Kusini na Australia zilichaguliwa kuwa wenyeji wa mtandao wa darubini za redio wa SKA, na Kenya ni mmoja wa washirika wanane wa Kiafrika. Ethiopia ilizindua mwaka 2015 kituo cha Entoto, juu ya Addis Ababa, kwenye mwinuko wa mita 3,200 hivi, chenye darubini mbili za kioo cha mita moja. Hapa Kenya, dishi la kituo cha mawasiliano cha Longonot, kilichofunguliwa mwaka 1970, mwaka uleule wa Uhuru, limo katika mipango ya kugeuza madishi ya zamani kuwa darubini za redio, kama Ghana ilivyofanya kwa dishi lake la Kuntunse. Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga, na tarehe 15 Aprili 2023 Taifa-1 ikarushwa kutoka Marekani.

Mitambo ni muhimu, ila kilichonigusa zaidi ni kazi ya Susan Murabana na mumewe Daniel Chu Owen. Mwaka 2014 walianzisha The Travelling Telescope, wakaipakia darubini garini na kuifuata mikoba ya watoto ilipo, shule kwa shule, kaunti kwa kaunti. Kwao anga si kitu cha kungojwa kwenye jengo. Hilo ni wazo lenye ukoo mkubwa. Griffith J. Griffith alipotazama kwenye darubini ya Mount Wilson aliguswa mno hata akatoa mali yake Los Angeles ijengewe kituo cha watu wote, kikafunguliwa mwaka 1935 na kuingia ni bure mpaka leo. Mwaka 1968 John Dobson, aliyekuwa mtawa, alianza kuweka darubini kando ya barabara za San Francisco, akiwaita wapita njia. Alizitengeneza kwa vioo vya mabaki, mapipa ya karatasi ngumu na sanduku la mbao.

Nikifika kwenye neno mbao, nawaza Wamunyu. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu, hapahapa Machakos, alijifunza uchongaji kwa Wamakonde wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi nao nyumbani, na kutoka mikononi mwake ikazaliwa kazi inayolisha familia nyingi za Ukambani hadi leo. Kitako cha darubini ya Dobson ni sanduku linalozunguka na mhimili unaoinuka, kazi isiyomshinda seremala wa kawaida. Kioo kitanunuliwa. Kilichobaki chote kinaweza kutoka mikononi mwa watu wa kaunti hii.

Na mwenye kuwakusanya yuko. Chuo Kikuu cha Machakos kilipata hati yake mwaka 2016, na kabla ya kuwa chuo kikuu kilikuwa chuo cha kufunza walimu. Hapo ndipo lile neno tuliloliweka akiba linaporudi. Mtu aliyeujua usiku, akawavusha wenzake baharini, aliitwa mwalimu. Mwalimu wa fizikia anayesomea Machakos, akihitimu akiwa amejifunza kuielekeza darubini na kuwaeleza watu wanachokiona, atakwenda nayo Mwala, Masinga, Kathiani na Yatta, na cheo cha kale kitakuwa kimepata mwenyewe.

Usiku wa wazi hauhitaji makuu. Unahitaji uwanja, giza, darubini tatu nne, na watu wanaoweza kusema kwa Kikamba na Kiswahili. Januari na Februari ndiyo miezi mizuri. Julai mawingu ya baridi hutanda. Uanze mwezi, maana mashimo na milima yake humshangaza hata aliyedhani anaujua. Ifuate Mshtarii na miezi yake minne, ambayo ukirudi baada ya saa mbili itakuwa imesogea, ukawa umeona kwa jicho lako alichokiona Galileo. Pete za Zohali ziwe za mwisho. Nyanya aliyeletwa na wajukuu asiharakishwe. Aulizwe pia yeye aliziita nyota hizo nani alipokuwa msichana, na jibu lake liandikwe, kwa sababu majina ya Kikamba ya anga yamo vichwani mwa watu wa umri wake, na kila mwaka tunawazika.

Usiku wa Jamhuri

Bado tuna adui mmoja, na anakuja na umeme. Athi River, Mlolongo na Syokimau zimekuwa miji isiyolala. Ukisimama Iveti jua likishatua, magharibi kuelekea kaskazini huoni tena giza bali ukungu wa rangi ya machungwa, na huo ni mwanga wa Nairobi. Sipingi taa; mama anayerudi kutoka sokoni anazihitaji. Lakini taa inayomulika mawingu haimsaidii mama huyo kwa lolote. Taa yenye kofia juu, inayoelekea chini, humwangazia njia kwa umeme mchache zaidi na kutuachia nyota. Kaunti inaweza kuamua hivyo kila inaponunua nguzo mpya.

Sababu ya kuhimiza hilo iko angani, mahali ninapoweza kupaonyesha. Jioni ya tarehe 12 Desemba, gwaride la Jamhuri likiwa limekwisha na giza limeanza kuingia yapata saa moja na robo, toka nje utazame kaskazini-magharibi, mawingu yakikubali. Chini kiasi, juu ya upeo, kuna kundi la nyota la Cygnus linalokwenda kuzama. Ndani yake ndimo lilimo lile shimo jeusi lililofichuliwa na setilaiti iliyobeba jina la uhuru tunaouadhimisha siku hiyohiyo. Halionekani kwa macho, lakini mahali pake panaonekana. Kutoka Machakos, upande huo ndio upande wa Nairobi, na mwanga wa mji unapameza mwaka baada ya mwaka.

Ningependa chuo kiuchague usiku huo uwe wake. Watu wa Machakos waje uwanjani siku ya Jamhuri, waonyeshwe mahali pale kabla hapajatua, waelezwe jambo lililofanyika kutoka pwani yao mwaka 1970 na maana yake, kwa lugha iliyoipa setilaiti ile jina lake. Wakigeuka mashariki watazikuta nyota tatu zikichomoza. Zitahitaji saa sita kufika utosini mwao, na mwalimu atakuwa na muda wa kutosha wa kujibu maswali.